Mlinda Waogeleaji na Msimamizi wa Zamu: Istilahi za Usalama Bwawani

Neno likishaingia katika waraka wa kazi huacha kuwa jina na huwa agizo. Mtu aliyeajiriwa kwa jina la «mfagizi» hufagia. Aliyeajiriwa kwa jina la «karani» huandika. Na mkuu wao huwapima kwa kazi ile ile iliyotajwa na jina. Kwa sababu hiyo mfasiri wa nyaraka za kazi ana dhima kubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa pale ambapo kazi yenyewe inahusu uhai wa watu. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza istilahi za usalama katika mabwawa ya kuogelea yanayotumiwa na umma: jina la mtu anayewaangalia waogeleaji, jina la mtu anayemsimamia huyo, na maneno yanayotumika ajali inapotokea. Hoja yetu kuu ni kwamba kazi hiyo yapasa ipewe jina kwa lile linalofanywa kila dakika, yaani kulinda, wala si kwa lile linalofanywa kwa nadra, yaani kuokoa.

Kipimo chetu ni kata ya Kiegei, katika Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Huenda msomaji akauliza: Kiegei na mabwawa ya kuogelea wapi na wapi? Kiegei iko bara, na watu wake, kama wenzao wa wilaya jirani ya Ruangwa, ni wakulima. Lakini waraka ukiandikwa Dodoma au Dar es Salaam haubaki mjini. Utasomwa na mwalimu wa shule ya msingi atakayewapeleka wanafunzi wake katika ziara Lindi au Mtwara, na pia na mtendaji wa kata anayeulizwa na wazazi juu ya watoto wanaooga mtoni au katika lambo. Kijana aliyetoka kata hiyo kwenda kutafuta kazi mjini, akaajiriwa katika hoteli yenye bwawa, atausoma vilevile. Istilahi ambayo mtu wa Kiegei ataielewa bila ya kuonyeshwa asili yake ya kigeni, hiyo ndiyo istilahi nzuri. Tena, kama tutakavyoona, mkulima wa huko ana maneno ambayo bwawa la mjini linayahitaji.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza umri wa miaka 5. Kati ya mwaka 2000 na 2021 kiwango cha vifo hivyo kilipungua kwa asilimia 38 duniani kote, lakini katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo kilipungua kwa asilimia 3 tu. Wengi wa marehemu hao hawakufia katika mabwawa yenye vigae. Walifia katika mito, maziwa, visima na madimbwi. Wahenga walikwisha kusema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtoto mdogo, ndoo ni bwawa na bwawa ni bahari.

Kuhusu neno «bwawa»

Neno «bwawa» lina kazi nyingi. Asili yake ni mahali penye maji yaliyotuama. Baadaye likatumiwa kwa maji yaliyozuiwa kwa ukuta, kama Bwawa la Mtera, na hatimaye kwa mahali palipojengwa mahususi kwa ajili ya kuogelea. Nchini Kenya aghalabu husemwa «kidimbwi cha kuogelea», nasi hatuoni sababu ya kuwalaumu nduguzetu kwa hilo, maadamu maana imefahamika. Tahadhari yetu ni moja tu: mfasiri asiandike «usimamizi wa bwawa» akakoma hapo. Msomaji wa bara ataelewa kwamba yanazungumzwa maji ya umwagiliaji au ya umeme. Yafaa iandikwe kwa ukamilifu, «bwawa la kuogelea», walau mara ya kwanza katika kila waraka.

Kitenzi «kuogelea» nacho kinahitaji uangalifu. Kimetokana na «kuoga», na katika mazungumzo ya kila siku mipaka ya vitenzi hivi viwili si imara. Mtoto asemaye «tulikwenda kuoga mtoni» huenda alikuwa akijisafisha, akicheza au akiogelea hasa. Mwalimu anayeulizwa katika fomu kama wanafunzi wake «wanajua kuogelea» hataweza kujibu kwa hakika mpaka ajue kinachoulizwa. Je, ni kuingia majini bila ya woga? Ni kuelea? Ni kuvuka upana wa bwawa bila ya kugusa chini? Fomu iliyo bora huuliza jambo linaloonekana: «Mwanafunzi anaweza kuogelea mita 25 bila ya kusimama?» Swali la namna hiyo halina utata, na jibu lake laweza kuthibitishwa kwa kujaribu mbele ya mwalimu.

Kuzama na kufa maji

Mwaka 2002 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Amsterdam, Uholanzi, katika kongamano la dunia kuhusu jambo hili. Mojawapo ya kazi zao kubwa ilikuwa ya istilahi. Waliona kwamba kila nchi na kila hospitali ilikuwa na majina yake: kulikuwa na kuzama «kwa maji» na kuzama «kukavu», kuzama «kwa pili», na «kukaribia kuzama». Kutokana na wingi huo takwimu za nchi moja hazikuweza kulinganishwa na za nchi nyingine. Wakakubaliana kwamba neno liwe moja, nalo litaje mwendo mzima wa mtu kupatwa na shida ya kupumua kwa sababu ya kuwamo ndani ya maji au kimiminika kingine. Mwisho wa mwendo huo waweza kuwa wa namna tatu: kufa, kupona na madhara, au kupona bila ya madhara. Yale majina mengine walishauri yaachwe.

Sasa tutazame Kiswahili. Tuna «kufa maji», neno zuri na la kale, lakini limekwisha kutaja mauti. Mtu aliyepona hawezi kusemwa kuwa amekufa maji. Tuna «kughariki», linalobeba zaidi fikra ya mafuriko. Tuna «kuzama», ambalo halilazimu kifo: jiwe huzama, jua huzama, mpiga mbizi huzama kwa hiari yake kisha huibuka. Tunaona kwamba «kuzama» ndilo linalofaa kuutaja mwendo mzima, na «kufa maji» libaki kuwa jina la mwisho mmoja wa mwendo huo. Yule aliyepona aandikwe kuwa «amenusurika kuzama», na kama amepata madhara yatajwe.

Faida yake ni ya kweli. Daftari la matukio la bwawa lenye safu moja tu ya «waliokufa maji» litabaki tupu miaka mingi, na msimamizi atajisifu kwamba mahali pake ni salama. Daftari lenye safu ya «waliozama», ikiwa ni pamoja na wale waliovutwa nje wakikohoa kisha wakaenda zao nyumbani, litamwonyesha kwamba mwezi uliopita watoto wanne wamezama katika pembe ile ile ya bwawa. Hapo atapata nafasi ya kuchukua hatua kabla ya msiba.

Mfa maji na kutapatapa

Kila Mswahili anaijua methali isemayo kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo ni hekima kuhusu mtu aliyekata tamaa, wala haikutungwa kuwa fundisho la kazi bwawani. Walakini imejenga picha katika fikra zetu: tunamtarajia anayezama apige maji kwa mikono, apige kelele, aite watu. Mlinzi mwenye picha hiyo atatega masikio akisubiri ukelele, na huenda asiusikie kamwe.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Frank Pia, aliyekuwa mlinzi katika ufukwe wa Orchard Beach mjini New York, alichunguza kwa filamu namna watu wasiojua kuogelea wanavyozama. Aliyoyaona yanatofautiana na picha yetu. Mwenye kuzama hana pumzi ya kupigia ukelele, maana kinywa chake kinaibuka juu ya maji kwa nukta chache tu, nazo hazitoshi hata kuvuta hewa vizuri. Mikono yake haipungi. Huinyoosha pande mbili na kuyakandamiza maji ili ajiinue. Mwili wake husimama wima, na miguu haimsaidii. Hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, kisha huzama. Kwa mtazamaji asiyefundishwa, mtu huyo huonekana kama anacheza, au kama amesimama tu akitazama juu.

Kwa hiyo ndiyo, mfa maji hutapatapa, lakini hutapatapa kimyakimya. Tunawaomba walimu wanaoifundisha methali hii darasani waongeze maelezo hayo mafupi. Hayataipunguzia methali utamu wake, na huenda siku moja yakamsaidia mwanafunzi kumtambua mwenzake aliye taabani.

Jina la mwenye kuangalia

Tumefika katika kiini cha makala haya. Bwawa la umma huwekewa mtu wa kuwaangalia waogeleaji. Aitwe nani?

Neno linalotumiwa zaidi sasa ni «mwokoaji». Halina kosa la sarufi, nalo ni afadhali kuliko «mwokozi», ambalo kwa Wakristo limekwisha kupata maana maalumu isiyofaa kuchezewa. Kasoro ya «mwokoaji» ni ya namna nyingine: linaitaja kazi kwa tukio la nadra. Siku 200 zinaweza kupita asiokolewe mtu yeyote. Je, katika siku hizo 200 mwokoaji amefanya nini? Mkuu anayelitegemea jina hilo ataona kwamba hakufanya kitu, na kwa kuwa hafanyi kitu, atampa kitu cha kufanya: auze tiketi, akusanye taulo, afagie majani, apokee simu, awafundishe watoto wa wageni kuogelea. Hivyo ndivyo mtu anavyoajiriwa ili kuokoa, halafu ananyimwa nafasi ya kuona kwamba kuna wa kuokolewa.

«Mlinzi» peke yake limekaribia maana lakini limekwisha kuchukuliwa. Ukisema «mlinzi wa bwawa», wengi watamwona mtu mwenye rungu getini anayezuia wasiolipa wasiingie. Huyo analinda bwawa lisiingiliwe na watu, ilhali sisi tunamtaka awalinde watu wasidhurike na bwawa. «Mwangalizi» nalo lina ila yake. Tumelizoea katika uchaguzi, ambamo mwangalizi hutazama, huandika taarifa, wala haingilii. Mwangalizi wa namna hiyo kando ya maji ni hatari.

Lugha nyingine nazo zimehangaika. Jina la Kiingereza humtaja kuwa mlinda uhai. Wafaransa humwita bingwa wa kuogelea, na Wajerumani, katika mazungumzo yao, humwita bwana wa mahali pa kuogea. Kila jina linavuta upande wake: moja linataja ulinzi, la pili ustadi, la tatu mamlaka. Hatulazimiki kunakili lolote kati ya hayo.

Tunapendekeza «mlinda waogeleaji», wingi «walinda waogeleaji». Muundo wake si mgeni. Tunao «mpiga mbizi», tunaye «mfa maji» wa methali, na zaidi ya wote tunaye «mlinda mlango» wa kandanda. Mfano wa mlinda mlango unafaa sana. Mpira unaweza kukaa upande wa pili wa uwanja kwa nusu saa nzima, lakini hakuna kocha atakayemwambia mlinda mlango wake, maadamu hana kazi, akauze maji kwa watazamaji. Watu wote wanaelewa kwamba kutazama kwake ndiyo kazi, na kuruka kwake ni tunda la kutazama. Jina likishasema «mlinda», muda wa utulivu hauonekani tena kuwa uvivu.

Turudi sasa Kiegei. Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa anajua kulinda. Mtama ukianza kukomaa ndege hushuka. Mahindi na mihogo hujiwa na nyani mchana na nguruwe mwitu usiku. Mkulima hujenga dungu, yaani jukwaa lililoinuliwa juu ya miti, akakaa humo au akamweka mwanawe. Kazi hiyo ina kitenzi chake katika Kiswahili: «kuamia», yaani kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Mwenye kuamia hujua mambo manne bila ya kufundishwa katika chuo. Kwanza, dungu huwekwa mahali panapoonyesha shamba lote. Pili, macho hayatulii mahali pamoja, bali huzunguka shamba na kurudi. Tatu, mtu mmoja hawezi kulinda kutwa bila ya kupokewa, kwa maana jua na usingizi vitamshinda. Nne, mlinzi aliyepewa kazi ya kupepeta mpunga huku akilinda hatapepeta vizuri wala hatalinda vizuri.

Mambo hayo manne ndiyo yanayofundishwa kwa walinda waogeleaji duniani kote. Kiti kirefu kilicho kando ya bwawa twaweza kukiita «dungu» bila ya kuona haya. Tendo la kuyazungusha macho katika eneo lote tuliite «kuangaza», kama tusemavyo mtu ameangaza macho huku na huko. Sehemu ya bwawa aliyokabidhiwa mlinda mmoja tuiite «lindo» lake. Katika baadhi ya mafunzo, mlinda hutakiwa aweze kuliangaza lindo lake lote kwa sekunde 10, na aweze kumfikia mwenye taabu kwa sekunde 20 zaidi. Lindo lisilowezekana kuangazwa kwa muda huo ni kubwa mno, na dawa yake ni kuongeza mlinda wa pili au kuifunga sehemu ya bwawa.

Msimamizi wa zamu

Mlinda waogeleaji naye anahitaji kusimamiwa. Huyu anayemsimamia tunapendekeza aitwe «msimamizi wa zamu». Neno «msimamizi» lina matumizi mengi, kama vile msimamizi wa mirathi na msimamizi wa ujenzi, lakini walimu wanalijua vizuri zaidi katika «msimamizi wa mtihani». Wanajua kwamba msimamizi wa mtihani hasomi gazeti, hapigi soga mlangoni, huhesabu watahiniwa na karatasi, na huwajibika kwa lolote litakalotokea chumbani. Fikra hiyo ndiyo tunayoitaka.

Kazi za msimamizi wa zamu twaweza kuzieleza kwa maneno ya kawaida. Yeye huandika orodha ya zamu na kuhakikisha kwamba hakuna dungu lililo tupu wakati watu wamo majini. Huwabadilisha walinda kwa vipindi vifupi, aghalabu visivyozidi nusu saa, kwa kuwa macho huchoka kabla ya mwili. Wakati wa kupokezana, anayeingia huanza kuangaza kwanza, ndipo anayetoka ashuke. Lindo halikai bila ya macho hata kwa nukta moja. Tendo hili liitwe «kupokezana lindo». Kabla ya kufungua, hutazama kama sakafu ya bwawa inaonekana kutoka juu, pamoja na matundu ya kutolea maji yaliyo chini kabisa. Maji yakiwa na ukungu hata sakafu isionekane, bwawa halifunguliwi, hata kama watu wamekwisha kulipa, kwani mlinda hawezi kulinda asichokiona. Huhakikisha kwamba klorini na asidi vinahifadhiwa mbalimbali, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Huwafanyisha walinda mazoezi ya dharura, naye huandika matukio katika daftari tulilolitaja.

Kuna jambo moja ambalo waraka wowote wa kazi hii hauna budi kulitamka waziwazi: mamlaka ya kufunga bwawa. Msimamizi wa zamu asiyeweza kuwaamuru watu watoke majini mpaka apate kibali cha meneja, na meneja yuko mjini, si msimamizi. Mfasiri akiona sentensi inayosema kwamba msimamizi «atashauri» bwawa lifungwe, amwulize mwandishi kama hakukusudia «ataamuru». Tofauti ya vitenzi hivi viwili yaweza kuwa uhai wa mtu.

Kuopoa, kuokoa, kumrudishia pumzi

Ajali ikitokea, maneno matatu hutumika kwa kuchanganywa. «Kuopoa» ni kukitoa kitu majini. Kwa kuwa magazeti hulitumia zaidi kwa maiti, kama ilivyokuwa baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, wasomaji wengi hudhani kwamba anayeopolewa lazima awe amekufa. Si hivyo. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, fundi mmoja wa kivuko hicho aliopolewa akiwa hai siku mbili baadaye. «Kuokoa» ni kumtoa mtu katika hatari. Mtu aweza kuokolewa bila ya kuopolewa, kwa kurushiwa boya au kunyooshewa mti. Njia hiyo ndiyo wanayopaswa kuitumia watu wasiofundishwa, maana wengi hufa kwa kuruka majini kumwokoa mwenzao.

La tatu ni tendo la kumrudishia pumzi mtu aliyeopolewa akiwa hapumui. Hapa kuna desturi inayohitaji kusahihishwa. Mahali pengi aliyezama hupinduliwa kichwa chini au hukandwa tumbo ili «atapike maji». Madaktari wanatufundisha kwamba huko ni kupoteza muda, na pengine ni kumdhuru. Kilichomwangusha ni kukosa hewa. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Hivyo basi huanzwa kwa kumpulizia pumzi, kisha kukandamiza kifua, huku mwingine akiita msaada. Maneno «kupuliza pumzi» na «kukandamiza kifua» yanatosha kwa fundisho la umma, na tunawasihi wafasiri wasiyafiche nyuma ya vifupisho vya kigeni. Mtu anayesoma tangazo huku mtoto amelala mbele yake hana wakati wa kutafuta kamusi.

Matangazo ya ukutani

Tumalizie upande wa matumizi kwa kutazama matangazo. Aghalabu hukutwa tangazo lisemalo: «Watoto wasiachwe bila ya uangalizi». Sentensi hii imejificha mtendaji. Wasiachwe na nani? Mzazi hudhani kwamba mlinda anaangalia. Mlinda hudhani kwamba mzazi anaangalia. Na mtoto huzama katikati ya watu wazima wawili. Ni bora kuandika: «Mzazi au mwalimu, kaa mahali ambapo mkono wako unamfikia mtoto wako.» Sentensi ya pili ina mtu anayeambiwa na kipimo cha kufuata.

Kadhalika kuna lile tangazo lisemalo kwamba uongozi hautahusika na ajali yoyote. Halimfundishi mtu jambo lolote la kumwepusha na ajali hiyo, nalo limechukua nafasi ya tangazo ambalo lingemfundisha.

Vina vya maji huandikwa kwa mita, na yafaa viendelee kuandikwa hivyo. Lakini Kiswahili kina kipimo chake cha kale: maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua, maji ya shingo. Tangazo laweza kuunganisha vyote viwili: «Kina mita 1.4. Maji yanamfika mtu mzima mabegani, mtoto hayawezi kusimama humu» — na hapa mhariri aliye makini atagundua kosa la upatanisho kabla halijapakwa rangi ukutani, aandike «mtoto hawezi kusimama humu». Tangazo la usalama lisomwe na watu wawili kabla ya kubandikwa.

Hatimaye, mashindano ya kukaa chini ya maji kwa kuzuia pumzi yakatazwe kwa maneno ya moja kwa moja. Vijana wa mwambao wana michezo yao ya majini, kama makachu ya Forodhani, Unguja, na hatukusudii kuikashifu. Lakini aliyezuia pumzi kwa muda mrefu aweza kuzimia akiwa chini bila ya kutoa ishara yoyote, na wenzake wakamhesabia ushindi.

Muhtasari wa mapendekezo

Bwawa la kuogelea: mahali palipojengwa mahususi kwa kuogelea.
Kuzama: mwendo wa kupatwa na shida ya kupumua kwa sababu ya maji, uwe umeishia katika kifo au la.
Kufa maji: kufa kwa sababu ya kuzama.
Kunusurika kuzama: kuzama na kupona.
Mlinda waogeleaji: mtu ambaye kazi yake yote ni kuwatazama walio majini na kuwasaidia.
Lindo: eneo alilokabidhiwa mlinda mmoja.
Dungu: kiti au jukwaa la mlinda lililoinuliwa.
Kuangaza: kuyazungusha macho katika lindo lote bila ya kukoma.
Kupokezana lindo: kubadilishana walinda bila ya kuliacha lindo tupu.
Msimamizi wa zamu: mkuu wa walinda kwa kipindi fulani, mwenye mamlaka ya kufunga bwawa.

Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno ya namna hii yamepata uzito zaidi. Siku ajali ya bwawani itakapofika mbele ya hakimu, ataulizwa mwajiri: mtu huyu mlimwajiri afanye nini? Jibu litatafutwa katika waraka wa kazi, na waraka utajibu kwa maneno tuliyoyachagua sisi leo.

Tunawakaribisha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika sehemu zao za kazi. Kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoana. Wakufunzi wa kazi za namna hiyo bila shaka wana maneno yaliyokwisha kuzaliwa ufukweni, na hayo yana haki ya kusikilizwa kabla ya yetu. Nao wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, ikiwa lugha zao zina jina zuri zaidi la mtoto akaaye dunguni akiwalinda wengine kwa macho yake, walilete. Tutalipokea kwa furaha.